Alama za Chaki Kabla ya Lipu

Kama kuna mtu amewahi kumfokea fundi wa lipu kwenye simu mpaka njiwa waliokuwa wametua juu ya kenchi za paa wakaruka, ni mimi. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule yangu, kuta ziko uchi, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, nikamwambia yule bwana kwamba ahadi zake zingekuwa saruji ningeshajenga ghorofa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Kawia ufike, mama." Nikamkatia simu. Leo nikikumbuka naona haya, maana kuchelewa kwa mtu yule ndiko kulikonirudishia mume wangu. Ngoja nieleze taratibu, msije mkadhani nimechanganyikiwa.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alikuwa mwandika mabango. Barabara yetu yote, kuanzia kinyozi mpaka muuza mbao, maneno yaliyo juu ya milango ni ya mkono wake, na watu walimzoea kwa jina la Herufi. Hata mimi enzi za uchumba nilimwita hivyo, kumchokoza. Nyumba hii tuliianza tukiwa bado na nguvu zetu, chumba baada ya chumba, miaka kumi na moja. Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai, kijiko kikamponyoka. Nikamwambia aokote, akawa ananitazama tu. Kumbe ni kiharusi.

Alinusurika, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Mguu ulirudi, ingawa anauburuta. Ulimi ulirudi na maneno yake yote, kejeli zikiwemo. Mkono wa kulia haukurudi. Ndio ule wa kuandikia.

Tulikuwa tunaishi kwenye vyumba viwili vya kupanga. Swichi ya taa ilikuwa upande wa kulia wa mlango, nyuma ya kabati langu la nguo, na ili uifikie ilibidi upenyeze mkono wa kulia kati ya kabati na ukuta. Mwenye mikono miwili hata halioni jambo hilo. Basi jua likizama, mzee anakaa gizani mpaka mimi nirudi kutoka dukani. Nikimuuliza mbona hukuwasha, ananijibu alikuwa anapumzisha macho. Aliyapumzisha macho yale miaka miwili. Mtaniuliza kwa nini sikulihamisha kabati. Halikuwa na pa kwenda, na kila mwezi tulijiambia bado kidogo tu, tunahamia kwetu. Hayo ndiyo majibu yangu, na najua hayatoshi.

Paa lilipokamilika, nikamsikia akiongea na binti yetu. Mimi niko nje nafua, wao wako ndani, dirisha liko wazi. Alimwambia, "Mama yako ahamie. Mimi nitakuja kukaa kwako, kwako watu hawakosi. Nyumba ile ni ya mtu mwenye mikono miwili." Binti akalia. Mimi sikulia, mimi nilipandwa na hasira, kwani najua nini kingine? Miaka thelathini na miwili ya ndoa, tofali tumelibeba pamoja, halafu aende kuishi kwa mtoto na mimi nibaki na vyumba vinne vya kusikilizia mwangwi! Sikumwambia kama nimesikia. Nilijiapiza tu kwamba nitaimaliza nyumba hiyo haraka, tena ipendeze mpaka aone aibu kukataa. Huo ndio uliokuwa mpango wangu wote.

Hapo ndipo alipoingia fundi umeme. Mtaa mzima wanamwita Subiri, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kwenye kila kazi. Ni mtu wa makamo, mpole, hapandishi sauti, na mfukoni hakosi kipande cha chaki. Ana utaratibu wake ambao sijauona kwa fundi mwingine. Kabla hajagusa ukuta kwa patasi, anamwambia mwenye nyumba aingie kila chumba amefumba macho, kama mtu anayerudi nyumbani amechoka, anyooshe mkono atafute taa. Kiganja kinapotua, Subiri anachora msalaba wa chaki, na swichi inakaa hapo hapo. Anasema taa huwashwa na mkono, macho huja baadaye.

Mimi niliona ni michezo ya watoto. Lakini nilifanya, siku moja mchana, funguo mkononi na wateja wananisubiri dukani. Nilipita chumba hadi chumba nikiuzaba ukuta vibao. Misalaba yote ikawa upande wa kulia, yote usawa wa bega langu, na mimi ni mwanamke mrefu. Kisha nikamtajia soketi ninazozitaka: ya cherehani, ya pasi, ya friji, ya televisheni. Na sebuleni nilitaka ile taa ya vioo vinavyoning'inia, yenye balbu tano, ambayo nilikuwa nimeiona dukani nikaiota wiki nzima. Subiri aliandika yote. Mwishoni akaniuliza, "Na mzee? Yeye hapiti?"

Sikugeuka hata kumtazama. Nilimjibu, "Mzee hana shida. Atawashiwa."

Subiri akarudisha kalamu sikioni. Wiki ile ile akachonga kuta, akalaza mabomba ya kupitishia nyaya, akapachika vile visanduku vya chuma ambamo swichi hukaa. Kilichobaki kilikuwa lipu, kisha nyaya zenyewe. Na lipu ikishapigwa, mambo yamekwisha. Ukitaka kubadilisha kitu unavunja ukuta upya.

Fundi wa lipu alisema atakuja Jumatatu. Jumatatu mchanga haukufika. Ulipofika ulikuwa na udongo mwingi kuliko mchanga, ukarudishwa ulikotoka, ndipo ukaletwa mwingine. Wiki ya pili mvua ikanyesha kana kwamba ilikuwa na kisasi na mimi. Wiki ya tatu yule bwana akaniambia amefiwa upande wa ukweni, nami kwa ulimi wangu huu usio na breki nikamuuliza wakwe zake wako wangapi jumla. Kumbe mama mkwe wake alikuwa amefariki kweli. Nimeshamwomba radhi kwa hilo, tena mara mbili. Wakati huo mama mwenye nyumba wetu, ambaye ni mtu mwema, alikuwa ameshatuambia kwamba mwanawe anarudi na familia, kwa hiyo mwisho wa mwezi angevihitaji vile vyumba. Sasa mnaelewa ile simu ya njiwa.

Baada ya kukata simu, nikakumbuka kitu. Bango la yule fundi wa lipu liliandikwa na mume wangu, na ujanani walikuwa marafiki wa kula sahani moja. Mimi angeweza kunizungusha, Herufi asingethubutu. Nikarudi nyumbani nikamwomba mzee twende wote kwenye ujenzi, akae tu pale kwenye kiti, rafiki yake akipigiwa simu aambiwe anasubiriwa na nani. Tangu augue alikuwa hajakanyaga pale. Kila nikimwalika alisema ataiona ikiisha. Siku hiyo alinitazama, akacheka mpaka akakohoa, akasema yaani nampeleka kama barua ya wito wa mahakamani. Lakini alivaa kofia yake. Nikaita teksi.

Tulipofika, fundi wa lipu hayupo. Alipopigiwa simu akasema yuko njiani, na njia yake tunaijua urefu wake. Subiri ndiye tuliyemkuta, anapuliza mabomba yake moja moja kuhakikisha hayajaziba. Nikamkaribisha mzee ndani, nikaanza kumtembeza. Alikwenda polepole akiburuta mguu, mkono wa kushoto unapita ukutani kujishikilia.

Kwenye mlango wa chumba chetu cha kulala akasimama. Nikaona kiganja chake cha kushoto kinapanda, kinapapasa matofali, kinashuka, kinapanda tena. Hakuna kitu. Kisanduku kilikuwa upande wa pili, kulia, juu, usawa wa bega langu mimi. Alikitazama. Kisha akautia mkono mfukoni, akaniambia, "Nyumba nzuri, mama watoto. Hongera."

Hongera! Mume wangu ananipongeza kama jirani aliyekuja kuangalia. Neno lile lilinichoma kuliko angenitukana. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe ikisema atawashiwa, na nilitamani ardhi ipasuke. Vyumba vinne, misalaba kumi na miwili, na sikuuacha hata mmoja kwa ajili yake. Nilikuwa nimelijenga lile kabati upya, safari hii kwa matofali.

"Mzee, nimekosea," nikamwambia.

"Hukukosea. Umejenga vizuri."

"Nimejenga vya kwangu peke yangu."

Subiri alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu saa ngapi. Akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa chaki, na hakunipa mimi. Alimnyooshea mzee. Akamwambia afumbe macho, ametoka matembezini, amechoka, anataka taa.

Mume wangu aliitazama chaki ile. Tangu augue alikuwa hajagusa chaki wala brashi, na brashi zake nilizifunga kwenye kitambaa nikazificha chini ya kitanda, nikidhani namhurumia. Akasema, "Mkono huu haujui kuandika."

"Unajua kupapasa, mzee," Subiri akasema. "Inatosha."

Basi akafumba macho. Alama ya kwanza ilitoka imepinda, mguu wa kuku una afadhali. Ilikuwa kushoto kwa mlango, usawa wa kiwiko. Chumba cha pili ikapinda kidogo. Alipofika jikoni akafumbua macho, akasema anataka soketi ya birika pale ukingoni mwa meza, usawa wa kiuno, asiiname, kwa sababu saa nne asubuhi huwa anatamani chai na hapendi kuita watu. Nilishangaa. Miaka miwili namwachia chai ya asubuhi kwenye chupa, naona nimemaliza, kumbe saa nne mwenzangu anatamani chai ya moto na ananyamaza! Karibu na kitanda akauliza kama inawezekana taa iwashwe mlangoni na izimwe ukiwa umelala. Subiri akasema inawezekana, ni swichi mbili kwa taa moja, tena ni kazi anayoipenda.

Tulipofika sebuleni alikuwa ameacha kuchora misalaba. Alikuwa anaandika. T kwa taa, S kwa soketi. Ile T ilikuwa imeinamia upande, lakini ilikuwa na vile viatu vidogo chini yake na juu kwenye ncha, ambavyo alikuwa akizivalisha herufi zake zote tangu ujana na kuringia. Nikaaga kwamba naenda kuangalia mchanga. Nilikwenda nyuma ya ule mchanga nikalia kwa sauti, na sioni haya kusema.

Niliporudi nikaiona T nyingine, chini ya dirisha la mbele, pale tulipopanga kiti chake kikae. Nikauliza hiyo ni ya taa gani, maana ya sebuleni ilishapata swichi yake. Wakatazamana. Subiri akasema hiyo ni ya kwao wawili. Mimi ni mtu wa kutaka kujua kila kitu, hata mteja akishonesha gauni la kawaida lazima nijue anakwenda wapi nalo, lakini siku hiyo niliuma ulimi.

Ikabaki hesabu ya vifaa. Subiri akasema mabomba yaliyobaki hayatatosha kwa hizi njia mpya, na kuagiza mengine ni kusubiri wiki nyingine, ambayo hatukuwa nayo. Kitu kimoja kitoke. Mabomba mengi kuliko yote yalikuwa yamewekwa kwa ile taa yangu ya vioo, dari na kuta. Sisemi uongo, roho iliniuma. Nilikuwa nimeshaamua hata kitambaa cha kuifutia. Nikasema itoke, sebule iwekwe balbu moja ya kawaida. Mume wangu akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia asinichoshe, vioo vyenyewe vingekula vumbi tu.

Subiri alikuwa ameshaanza kuchonga upya, vumbi limetanda, ndipo fundi wa lipu akatokea na maneno ya kuomba radhi yamemjaa mdomoni. Alipomwona Herufi akavua kofia. Akasema yuko tayari, aanze hata leo. Mume wangu akamwambia, "Nenda zako. Rudi Alhamisi. Na ukiweza, chelewa kidogo."

Yule bwana akanigeukia, anangoja matusi. Nilikuwa nimemwandalia hotuba ya wiki tatu, naijua kwa moyo. Badala yake nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa niliyokuja nayo, nikampa kwa mikono miwili, nikamwambia asante. Akainusa kwanza. Akasema matusi yangu ameshayazoea, lakini hii sasa inamtisha. Nikamweleza yote. Angekuja Jumatatu ile aliyoahidi, lipu ingekuwa imeshakauka siku mume wangu anaingia, na ile hongera ndiyo ingekuwa neno lake la mwisho juu ya nyumba yangu. Ningeihamia peke yangu. Mchanga mbaya, mvua, hata msiba wa watu, vyote vilinishikia mlango wazi na mimi nashinda nikivilaani.

Alhamisi alikuja, tena saa moja asubuhi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake nadhani. Akapiga lipu kuta zote kwa siku tano. Nilisimama nikiangalia zile T na S zikifunikwa moja baada ya nyingine. Nilitaka kumwambia aache moja, nikaona nitachekesha watu.

Mwisho wa mwezi tulihama. Mita ya umeme ilikuwa bado. Asubuhi ya kuhama, mzee alitoka na begi lake, akapanda mbele kwenye gari la mizigo. Binti yetu akanitazama, mimi nikajifanya nafunga godoro. Lakini njiani mzee akaniambia nisifurahi mapema. Alisema anakuja kujaribu. Umeme ukishafika ataona kama anaweza kukaa peke yake kutwa nzima kama mtu, na akishindwa, atakwenda kwa binti bila ugomvi. Nikamwambia sawa. Ilikuwa sawa ya mdomoni.

Umeme ulichukua wiki tatu nyingine. Kila tukiuliza tunaambiwa tumo kwenye orodha. Safari hii sikumfokea mtu, au niseme nilimfokea mmoja tu, tena kidogo. Tuliwasha kandili, tukazoea. Asubuhi nikiamka namsikia mzee anapita chumba hadi chumba akibonyeza swichi zisizo na kitu. Ta. Ta. Alikuwa anaufundisha mkono njia. Mimi nabaki kitandani naomba kimoyomoyo, Mungu wangu, umeme huu usije ukaniaibisha.

Siku yenyewe ulipofika, mimi sikujua. Nilikuwa dukani na gauni la bi harusi lililogoma kukaa kiunoni, nikachelewa, jua likazama nikiwa bado napiga pindo. Nikafunga duka nikaenda kwa miguu. Kichochoro chetu kina shimo katikati, nilikuwa nimeshajikwaa humo mara mbili tangu tuhamie, kwa hiyo nikafika pale napapasa kwa mguu. Nikaliona shimo. Nililiona vizuri kabisa, mpaka kokoto zilizo ndani yake. Nikainua macho, na taa ya kibarazani kwetu ilikuwa inawaka, ndiyo pekee kwenye kichochoro kizima.

Nilikimbia, na umri huu. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake dirishani, amekaa upande, mkono wa kushoto bado uko juu ya ile swichi ya chini, ile ya kwao wawili. Sebule inawaka, jikoni kunawaka, birika linatoa mvuke. Na mimi, kwa mazoea ya miaka miwili, kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni kikawa kuuliza, "Nani kakuwashia?"

"Hakuna aliyeniwashia," akasema. "Nimekuwashia wewe. Shimo lile lingekuvunja mguu."

Nilikaa chini pale pale mlangoni, na mkoba wangu begani. Nilikuwa na mengi ya kusema, na mimi maneno hayajawahi kunipungukia, lakini lililotoka lilikuwa asante, na nikalirudia. Akaniambia niache kulia, nitaroweka sakafu mpya. Kisha akautazama ule mkono wake, akasema, "Mkono mmoja haulei mwana, mama watoto. Lakini taa unawasha."

Nilipojifuta machozi nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa. Nikamuuliza kwa binti anakwenda lini.

"Jumapili," akasema. "Kumsalimia. Na nitarudi mapema, kuna mtu wangu wa kumwashia taa."

Nikainuka nikaenda jikoni kumimina chai. Vikombe viwili alikuwa ameshavitoa.